Kipimajoto Kimesoma 38.6: Aondoke Sasa au Angoje Asubuhi?

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa mabaraza, vikundi vya akina mama na mikutano ya wazazi katika Kaunti za Kitui na Makueni



Mazungumzo ya leo yanahusu swali ambalo huulizwa usiku zaidi kuliko mchana. Mtoto anachemka. Zahanati ya karibu imefungwa hadi asubuhi. Hospitali iko mbali, mwenye bodaboda anataka nauli ya usiku, na baba yuko kazini Nairobi au Mombasa. Mama ana kipimajoto mkononi na kinasoma 38.6. Je, aondoke sasa au angoje kupambazuke?

Watu wengi hudhani jibu limo ndani ya hiyo namba. Limo kidogo tu. Jibu linatokana na mambo manne: umri wa mgonjwa, dalili anazoonyesha, muda ambao joto limekuwepo, na mwisho ndiyo namba yenyewe. Mzazi anayeyajua mambo hayo manne hatapoteza pesa kwa safari isiyo ya lazima, na hatangoja asubuhi mtoto akiwa hana muda wa kungoja.

Neno moja, magonjwa mengi

Kwanza neno lenyewe lieleweke. Katika mazungumzo ya kila siku mtu akisema "nina homa" mara nyingi ana mafua: pua inatiririka na koo linawasha. Mwingine akisema homa anamaanisha malaria. Hata kwa Kikamba neno ndetema, la kutetemeka, hutumika kwa homa ya baridi na pia kwa malaria. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anafika kituoni na kusema "mtoto ana homa", na kila anayesikia anaelewa jambo lake.

Katika mazungumzo haya homa ni joto la mwili kupanda kupita kawaida. Homa kwa maana hiyo si ugonjwa. Ni ishara kwamba mwili unapambana na kitu fulani. Kitu hicho kinaweza kuwa mafua yatakayopita yenyewe kwa siku tatu. Kinaweza pia kuwa malaria, nimonia, uambukizo wa mkojo, au homa ya uti wa mgongo. Kipimajoto hakina uwezo wa kutofautisha. Kinajua joto tu.

Namba zina maana gani

Namba 37 ambayo wengi huijua ina historia ndefu. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich, aliyefanya kazi Leipzig, alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, na humo akaitaja nyuzi 37 kuwa wastani wa mtu mzima mwenye afya. Tangu hapo imeonekana kwamba watu wengi wana wastani ulio chini kidogo ya huo, na kwamba joto la mtu mmoja hubadilika katika siku. Liko chini alfajiri na hupanda jioni kwa nusu nyuzi hivi. Kwa hiyo mtu aliyesoma 36.4 asubuhi na 37.1 jioni hana tatizo lolote.

Wahudumu wa afya nchini Kenya wanapomhudumia mtoto mdogo hutumia kipimo cha kwapani, na mpaka wao ni nyuzi 37.5. Kuanzia hapo kwenda juu huhesabiwa kuwa homa. Kuanzia 38.5 mtoto hupewa dawa ya kushusha joto ili apate nafuu. Kuanzia 39 homa ni kali. Ikifika 41, hiyo ni dharura kwa mtu wa umri wowote, hata kama bado anazungumza.

Kuna vipimajoto vya madukani ambavyo husoma kwa Farenhaiti. Mzazi akiona namba kama 99 au 101 asishtuke. Kwa kipimo hicho 98.6 ni sawa na nyuzi 37, 99.5 ni 37.5, 100.4 ni 38, na 104 ni 40. Herufi C au F huonekana pembeni mwa namba.

Chini nako kuna hatari. Mtoto mchanga mwenye kusoma chini ya 35.5 ni mgonjwa mahututi sawa na yule anayechemka, kwa sababu watoto wachanga wengine mwili wao ukishindwa na uambukizo hupoa badala ya kupata moto. Wazee na watu waliodhoofika pia huweza kuwa na uambukizo mkubwa huku joto likiwa la kawaida au chini.

Kupima bila kudanganywa

Kiganja cha mama kwenye paji la uso kina thamani yake. Mama akisema mtoto ana joto, mhudumu mwema humsikiliza. Lakini mkono uliotoka kuosha vyombo kwa maji baridi huona kila kitu ni cha moto, na mkono uliotoka jikoni huona kila kitu ni cha baridi. Ndiyo maana kipimajoto cha dijitali ni kifaa cha kuwa nacho nyumbani. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa vifaa vyao kuanzia mwaka 2023 wanacho pia, na ni haki ya kila boma kumwita aliye karibu.

Njia iliyo salama nyumbani ni kwapani. Kwapa likaushwe jasho kwanza. Ncha ya kipimajoto ikae katikati ya kwapa ikigusa ngozi, si nguo. Mkono wa mtoto ushikwe ukibana kifua hadi kipimajoto kilie. Wengi hukosea hapa: mtoto anahangaika, mkono unaachia, na namba inayotoka ni ndogo kuliko ukweli.

Mtoto aliyebebwa mgongoni akiwa amefungwa leso na blanketi, au aliyetembezwa juani kutoka mtoni, huwa na ngozi ya moto bila kuwa mgonjwa. Apumzishwe kivulini, afunguliwe nguo za ziada, apimwe baada ya dakika 15 hadi 30. Ni hivyo hivyo baada ya kuoga au kucheza. Anayepimwa mdomoni, yaani mtu mzima au mtoto mkubwa, angoje nusu saa baada ya chai.

Vile vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso, ambavyo watu walivizoea milangoni mwa benki na makanisani wakati wa Korona mwaka 2020, ni vya haraka lakini hudanganywa na jua, upepo na jasho. Katika joto la mchana la Mutomo au Kibwezi mtu aliyetoka barabarani anaweza kusoma juu, na aliyelowa jasho akasoma chini. Vikitoa namba ya kutia shaka, kwapa liamue.

Vipimajoto vya kioo vyenye zebaki bado viko katika nyumba nyingine. Zebaki ni sumu. Kikivunjika, watoto watolewe chumbani, madirisha yafunguliwe, matone yakusanywe kwa karatasi ngumu na kufungiwa kwenye chupa. Yasifagiliwe kwa ufagio wala kuguswa kwa mkono.

Kila kipimo kiandikwe: saa, namba, na dawa iliyotolewa. Karatasi ya daftari ya shule inatosha. Faida yake itaonekana mbele.

Umri huamua kwanza

Mtoto wa chini ya miezi 2 hana homa ndogo. Akisoma 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, safari ianze, iwe mchana au usiku. Akisoma 38 au zaidi mzazi asimalize hata chai. Mtoto wa umri huu anaweza kuwa na uambukizo kwenye damu bila kukohoa, bila kuharisha, bila kulia sana. Dalili pekee huwa ni joto, au kukataa titi, au kulala kupita kiasi. Dawa ya kushusha joto asipewe nyumbani, kwa sababu inaficha ishara hiyo moja. Anyonyeshwe njiani. Aliyepoa abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi na mama, afunikwe juu. Aliye moto apunguziwe nguo.

Wazazi huuliza kuhusu chanjo. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 huweza kupandisha joto kidogo kwa siku moja au mbili, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini mtoto wa wiki 6 bado hajatimiza miezi 2. Akipata homa hata baada ya chanjo, mhudumu amwone badala ya mzazi kukisia.

Kuanzia miezi 2 hadi miaka 5, mtoto mwenye homa afike kituoni ndani ya saa 24, hata kama anacheza. Sababu kubwa ni malaria na nimonia, ambazo humgeuka mtoto wa umri huu upesi. Aliye chini ya miezi 6 akisoma 39 asilale nyumbani.

Mtoto wa shule na mtu mzima mwenye nguvu wanaweza kuangaliwa nyumbani siku mbili ikiwa wanakunywa, wanakwenda haja ndogo na hawana dalili ya hatari. Siku ya tatu homa ikiwa bado ipo, wapimwe. Aliyelala sehemu yenye malaria asingoje siku hizo mbili.

Kuna watu wazima wasiopaswa kungoja hata siku moja. Hao ni mama mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, mtu mwenye selimundu, mtu anayetibiwa saratani, mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, mwenye kisukari, na mzee aliyedhoofika. Kwa mama aliyejifungua, homa inaweza kuwa uambukizo wa kizazi, na huo huua upesi.

Dalili zinazoshinda namba

Watoto wawili wanaweza kusoma tofauti na hatari ikawa kinyume cha namba. Mmoja anasoma 39.8, anakunywa uji, anamvuta paka mkia. Mwingine anasoma 37.9, shingo imelegea, haangalii anapoitwa. Yule wa pili ndiye wa kukimbizwa.

Hizi ni dalili za hatari ambazo kila mlezi azijue kwa moyo. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege. Amelegea, ni mgumu kuamshwa au amepoteza fahamu. Moja tu kati ya hizo inatosha kuanza safari, kipimajoto kisome chochote.

Kuna nyingine za kuongeza. Shingo kukakamaa, au utosi wa mtoto mchanga kuvimba. Madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia yanapobanwa kwa glasi. Viganja na midomo kuwa myeupe kwa upungufu wa damu. Macho kuwa ya njano. Mkojo kuwa mweusi kama soda ya kola, au kutokuwepo kabisa kwa nusu siku. Kifua kubonyea ndani chini ya mbavu kila mtoto anapovuta pumzi.

Pumzi nazo zihesabiwe. Mtoto akiwa ametulia, mzazi aangalie tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka huenda ana nimonia, na nimonia haitibiwi kwa dawa ya kikohozi ya dukani.

Degedege huogopesha kuliko yote. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mtoto alazwe ubavu, mahali pasipo na jiko wala mawe, nguo za shingoni zilegezwe, na muda uangaliwe. Asitiwe kijiko mdomoni, asinyweshwe chochote, asimwagiwe maji. Degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika chache. Hata ikiisha, apelekwe hospitali, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo hivyo. Ikipita dakika 5, au ikirudi, hiyo ni dharura kubwa. Familia inayompeleka kwanza kwa mwaguzi ikidhani ni pepo hupoteza saa ambazo mtoto hana.

Homa za Kitui na Makueni

Wilaya zilizo kavu zina homa zake. Kitui huhesabiwa katika maeneo ambayo malaria huja kwa msimu, na Makueni katika maeneo yenye malaria kidogo. Wengine husikia "kidogo" wakaelewa "hakuna". Hapo ndipo pana mtego. Mtu wa pwani au wa kando ya Ziwa Viktoria aliyeumwa malaria mara nyingi tangu utotoni huwa na kinga fulani. Mtu wa Wote au Mwingi hana kinga hiyo, na malaria ikimpata humlaza vibaya. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, madimbwi yakijaa na mito ya mchanga ikishika maji, mbu wako kazini wiki chache baadaye.

Tena Makueni inapitiwa na barabara kuu ya Mombasa. Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zina madereva na wafanyabiashara wanaolala pwani wiki nzima na kurudi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye homa aseme alikokuwa mwezi uliopita. Neno moja, "nilikuwa Kwale", linaweza kuokoa maisha kuliko namba yoyote.

Malaria hupanda na kushuka. Mtoto anaweza kuchemka saa mbili usiku na kusoma 36.9 asubuhi, na mama akabaki nyumbani akishukuru Mungu. Hapo ndipo ile karatasi ya daftari ina kazi. Homa ya jana usiku ni homa, na mhudumu ataichukua hivyo hata kama mtoto amefika kituoni akiwa baridi. Kipimo cha damu, cha hadubini au kile cha haraka cha tone moja, ndicho kinachosema ni malaria au siyo. Kikisema ipo, dawa imalizwe yote. Kikisema haipo, dawa ya malaria isimezwe "kwa usalama", bali chanzo kingine kitafutwe. Jibu la kuambiwa juu kwa juu dukani kwamba mtu ana "malaria kidogo na taifodi kidogo" lisimtosheleze mtu.

Homa nyingine ni ya Kitui kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kala-azar. Watafiti waliofika huko waliuhusisha ugonjwa huo na vichuguu vya mchwa, ambamo usubi wadogo wanaoueneza hujificha mchana na kutoka jioni kuuma watu. Wazee wa upande wa Kyuso na Tseikuru bado wanaujua ugonjwa huu wa tumbo kuvimba. Kala-azar haina namba ya kutisha. Homa huja na kwenda, 38 leo, 37.6 kesho, wiki baada ya wiki. Mgonjwa anakonda, damu inapungua, na wengu unavimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Homa iliyopita wiki 2 kwa mtu anayeishi maeneo hayo, au anayechunga huko, ipimwe kala-azar. Ina dawa na watu hupona. Isipotibiwa, karibu wote hufa.

Homa ya muda mrefu inaweza pia kuwa kifua kikuu, hasa ikiwa na kikohozi na jasho la usiku. Inaweza kuwa bruselosisi, inayotoka kwa maziwa mabichi ya mbuzi na ng'ombe au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Mfugaji amwambie mhudumu kwamba anafuga.

Halafu kuna funzo ambalo kaunti hizi mbili zililipia kwa maisha ya watu. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na sumu ya aflatoksini kutokana na mahindi yenye ukungu, na 12 walikufa. Ugonjwa ulianza kwa uchovu, kukosa hamu ya kula, tumbo kusumbua na homa ndogo. Siku kadhaa baadaye ndipo macho yakawa ya njano. Mwaka 2004 sumu hiyo ilirudi, na wengi wa waathiriwa walikuwa wa Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Kipimajoto hakingemwokoa hata mmoja. Homa ndogo pamoja na macho ya njano, hasa watu wa boma moja wakiugua pamoja, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na mahindi ya ghala hilo yasiguswe tena, wala kuku wasipewe.

Kumtunza nyumbani na njiani

Mgonjwa anayeangaliwa nyumbani ahitaji kitu kimoja kuliko dawa: vinywaji. Maziwa ya mama mara nyingi zaidi, maji safi, uji mwepesi, supu. Kila nyuzi inayopanda humkausha mtu, na katika nchi ya jua kali hukauka upesi. Avikwe nguo nyepesi. Blanketi tatu za "kutoa homa kwa jasho" humzidishia joto. Kumkanda kwa maji baridi nako humtetemesha, na kutetemeka huzalisha joto zaidi. Spiriti isipakwe mwilini mwa mtoto kamwe.

Parasetamoli hutolewa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 hupata kati ya miligramu 120 na 180. Kwa chupa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Kipimo ni kile kikombe kidogo au bomba lililokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Chupa zina nguvu tofauti, basi maandishi yasomwe. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na mtoto akipewa zote mbili anazidishiwa bila mtu kujua, na ini ndilo huumia. Aspirini asipewe mtoto.

Jambo hili lirudiwe kwa sababu limewaponza wengi: parasetamoli hushusha namba, haigusi malaria wala nimonia. Joto likishuka baada ya dawa, hilo halithibitishi kwamba ugonjwa ni mwepesi. Kinachoangaliwa joto likishuka ni mtoto mwenyewe. Je, ameamka, amecheka, amekunywa? Akishuka hadi 37.4 na bado amelegea, aondoke.

Antibiotiki zilizobaki kutoka kwa mtoto mwingine zisitumiwe. Dozi nusu huficha ugonjwa na kuwafundisha vijidudu kuzoea dawa.

Maandalizi ya usiku hufanywa mchana. Namba ya simu ya mhamasishaji wa afya, ya mwenye bodaboda anayeaminika, na ya jirani mwenye gari ziwe kwenye simu. Kijitabu cha kliniki cha mtoto kiwe mahali pamoja. Kila boma lijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa sababu usajili hufanywa mtu akiwa mzima. Zahanati na kituo cha afya ndizo hatua ya kwanza. Mwenye dalili ya hatari aende moja kwa moja hospitali iliyo wazi usiku.

Akifika, mlezi aseme mambo matano: umri, homa ilianza lini, namba za juu zilizoandikwa, dawa iliyotolewa na saa yake, na mahali mgonjwa alikosafiri. Mhudumu akimrudisha nyumbani, mlezi aulize, "Nikiona nini nirudi?" Na akiiona, arudi bila haya. Hakuna anayepaswa kuchekwa kwa kurudi.

Basi yule mama mwenye kipimajoto kinachosoma 38.6 ana la kufanya. Aangalie umri: chini ya miezi 2, anaondoka. Aangalie dalili: ikiwepo hata moja ya hatari, anaondoka. Ikiwa mtoto ni wa miaka 3, ananyonya kikombe chake cha uji, anapumua polepole na anamwita mama kwa jina, ampe dawa kwa uzito wake, ampe maji, alale naye karibu akimwamsha na kumwangalia, na asubuhi awe wa kwanza kwenye foleni ya zahanati, hata kama namba imeshuka.